Kutopendelea Si Kutojali

Hotuba ya redio ya asubuhi
Masomo: Mambo ya Walawi 19:15–18, Matendo ya Mitume 18:12–17

Kama una Biblia karibu nawe, ifungue katika Mambo ya Walawi, mlango wa 19, uweke alama hapo. Tutafika. Lakini kwanza tutaanza na swali la kijana mmoja.

Jumapili moja tulikuwa na ibada ya Kiingereza ya asubuhi na mapema, na kwa ajili ya wazee wachache waliolelewa katika ibada ya zamani tukatumia Kitabu cha Sala cha mwaka 1662. Ibada ilipokwisha tulisimama mlangoni kuwaaga watu, kama ilivyo desturi. Kijana wa kidato cha nne akatupa mkono, lakini hakutuachia. Akasema, "Mchungaji, naomba kuuliza. Mbona leo tumewaombea wakubwa wa serikali wahukumu watu bila kujali?"

Tukamwambia kwamba hatukuomba hivyo. Akafungua kile kitabu, akatuonyesha kwa kidole katika ile sala ndefu ya kuliombea Kanisa. Neno lenyewe lilikuwa "indifferently". Akasema, "Mwalimu wetu wa Kiingereza ametufundisha kwamba mtu 'indifferent' ni mtu asiyejali kitu. Ukimwambia nyumba ya jirani inaungua, atakwambia, 'Na iungue.' Sasa, Mchungaji, kwa nini tumwombe Mungu mahakimu wa namna hiyo? Si tunao wa kutosha?"

Waliokuwa nyuma yake walicheka, na sisi tulicheka pamoja nao. Lakini tulipofika nyumbani hatukucheka tena. Swali lile lilikaa nasi juma zima, na leo twataka kuwashirikisha ninyi yale tuliyoyaona ndani yake.

Mwalimu wa kijana yule hakukosea. Kitabu nacho hakikukosea. Neno ndilo lililohama.

Kitabu cha Sala cha kwanza kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1549, chini ya uongozi wa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Katika maombi kwa ajili ya wenye mamlaka, neno hilo liliwekwa, na likabaki hata katika kitabu cha mwaka 1662 ambacho wamishenari walikileta kwetu. Asili yake ni Kilatini, nayo ni kutoweka tofauti. Akisimama mbele ya hakimu tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, rafiki yake na mtu asiyemjua, asiweke tofauti kati yao. Wote wawe sawa mbele yake mpaka ushahidi useme. Waingereza wa siku zile waliposikia neno hilo kanisani, walisikia haki.

Lakini siku zilipita. Mtu asiyeweka tofauti kati ya huyu na yule akawa, polepole, katika masikio ya watu, ni mtu asiyeona tofauti kati ya jema na baya. Kisha akawa ni mtu ambaye lolote litakalotokea, kwake ni sawa tu. Neno lililokuwa sifa ya hakimu mwema likageuka kuwa lawama. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiaskofu la Marekani walipotoa kitabu chao wenyewe mwaka 1789, waliliondoa neno hilo katika sala ile, wakatia jingine lenye maana ya wazi ya kutopendelea.

Wala si neno hilo peke yake. Liko jingine, "disinterested", ambalo walimu wa Kiingereza hulipigania mpaka leo. Maana wanayoitetea ni hii: mtu asiye na fungu lake katika jambo linaloamuliwa. Akishinda huyu, yeye hapati kitu. Akishinda yule, yeye hapotezi kitu. Kwa hiyo twaweza kumwamini atupimie. Lakini watu wengi hulitumia kwa maana ya mtu aliyechoshwa na jambo, asiyetaka hata kulisikia. Walimu husema kwamba kwa maana hiyo lifaalo ni "uninterested". Wachunguzi wa kamusi nao watuambia kwamba mvutano huu si wa jana, kwa kuwa tangu miaka ya 1600 neno lile limeonekana katika maandishi kwa maana zote mbili. Ukiyatazama maneno hayo mawili, yatofautiana kwa silabi moja tu mwanzoni. Lakini kama wewe ndiwe mshtakiwa, tofauti hiyo ni maisha yako. Mshtakiwa ataka hakimu asiye na fungu katika kesi yake. Hataki hakimu anayesinzia.

Labda, ndugu msikilizaji, wauliza, "Maneno ya Waingereza yanipasa nini mimi, nami niko shambani kwangu?" Yakupasa, kwa sababu njia waliyopita maneno hayo ndiyo njia inayopitwa na mioyo yetu. Kutopendelea na kutojali, ukivitazama kwa nje, vyafanana kama mapacha. Vyote viwili hukaa kimya. Vyote viwili husema, "Mimi simo." Ni rahisi sana mtu kuanza asubuhi akiwa hapendelei, na jua likachwa akiwa hajali, wala asitambue ni saa ngapi alivuka.

Sasa tutazame Kiswahili chetu. Neno letu "upendeleo" limetoka katika kupenda. Hapo pana hekima kubwa. Upendeleo ni kupenda kulikoinamia upande mmoja. Nawapenda wangu, kwa hiyo nawapa wao kilicho cha wengine. Wazee wetu walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Basi mtu aweza kufikiri hivi: ikiwa upendeleo umezaliwa na kupenda, dawa yake ni kupunguza kupenda. Nisimpende huyu wala yule, nami nitakuwa mtu wa haki. Lakini ukiutoa upendo wote moyoni ili kuutoa upendeleo, umebakiwa na nini? Umebakiwa na jiwe, na jiwe halijawahi kumtendea mtu haki.

Maandiko yatuonyesha njia nyingine. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, kupendelea huitwa kuinua uso wa mtu. Na katika Kigiriki cha Agano Jipya huitwa kupokea uso. Yaani, kesi ikiletwa, wewe hutazami kesi. Watazama kwanza uso: huyu ni mtoto wa nani? Ni wa kabila gani? Amevaa nini? Ana gari au amekuja kwa miguu? Hilo ndilo Mungu analolikataa. Musa awaambia Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati 10, mstari wa 17, kwamba Bwana hapendelei uso wa mtu wala hapokei rushwa. Lakini, ndugu, usiifunge Biblia hapo. Soma mstari wa 18. Mungu huyohuyo huwapatia haki yatima na mjane, naye humpenda mgeni, akimpa chakula na mavazi. Yeye asiyepokea uso wa mtu ndiye anayeona kwamba mgeni hana nguo.

Basi Mungu hapendelei, naye anajali. Kwake hayo mawili hayapingani. Kwetu sisi ndiko yanakopingana.

Tazameni sasa mtu mmoja katika Agano Jipya ambaye alianza vizuri akamaliza vibaya, na yote kwa siku moja. Jina lake Galio. Twasoma habari zake katika Matendo ya Mitume 18. Alikuwa liwali wa Kirumi katika nchi ya Akaya, na maandishi yaliyochongwa katika mawe huko Delphi, Ugiriki, yatusaidia kujua kwamba alikuwa katika kazi hiyo karibu na mwaka 51 au 52 baada ya Kristo. Hakuwa mtu mjinga. Ndugu yake alikuwa Seneca, mwanafalsafa mashuhuri wa Rumi.

Huko Korintho, adui za Paulo walimkamata wakamleta mbele ya kiti cha hukumu cha Galio. Walitumaini kwamba wingi wao na kelele zao zingemvuta. Galio hakuvutwa. Aliwaambia kwamba kama lingekuwa jambo la uovu, angewasikiliza. Lakini kwa kuwa ni mabishano juu ya maneno na majina na sheria yao wenyewe, hataki kuwa mwamuzi. Akawafukuza. Hapo, wapendwa, Galio alifanya vema. Hakutazama uso wa wengi. Hakutaka kujipatia sifa. Mtume Paulo aliondoka salama kwa sababu ya hakimu asiyependelea.

Lakini habari haikuishia hapo. Watu wakamshika Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga mbele ya kiti kilekile cha hukumu. Sasa si mabishano ya maneno tena. Ni ngumi na damu. Ni uovu uleule ambao Galio alikuwa amesema kwamba ungeletwa mbele yake angeusikiliza. Umeletwa, uko miguuni pake. Na Luka atuambia kwamba Galio hakuyajali mambo hayo hata kidogo.

Hakutoka kitini pake. Hakubadili msimamo wake. Dakika chache zilizopita hakuwa na upande, na hata sasa hana upande. Lakini ya kwanza ilikuwa haki, na ya pili ilikuwa dhambi.

Twatamani kumlaumu Galio, ila hatuwezi, kwa maana sisi wenyewe tumewahi kukaa katika kiti chake. Imetupasa kuwaeleza, ingawa si jambo la kujivunia.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita tulikuwa tukitumika katika parishi moja ya mashambani. Jioni moja mama mjane alikuja nyumbani kwetu. Mumewe, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama yule alisema kwamba shemeji yake, ambaye alikuwa mzee wa kanisa letu, ameng'oa mkonge wa mpaka kati ya mashamba yao, akalima mpaka karibu na jiko lake. Chifu alikuwa ameitisha baraza siku ya Alhamisi. Akasema, "Mchungaji, wewe ulikuwapo siku ile marehemu na ndugu yake walipoupanda mkonge ule. Ulikula chakula kwetu. Nakuomba uje Alhamisi, useme hivyo tu."

Ilikuwa kweli. Tulikuwapo. Tuliwaona ndugu wawili wakichimba mashimo, wakipimiana kwa kamba na kutaniana.

Tulimjibu kwa upole sana. Tulisema, "Mama, wewe ni mtu wetu, na shemeji yako ni mtu wetu. Kanisa halina upande. Tutawaombea nyote wawili."

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, sikukuomba uwe upande wangu. Nimekuomba useme ulichokiona." Akajifunga leso yake, akatoka.

Siku ya Alhamisi sisi tulikwenda kuwatembelea wagonjwa upande mwingine wa parishi, ziara ambayo ingaliweza kungoja mpaka Ijumaa. Mbele ya baraza, shemeji alisema hapajawahi kuwapo mpaka wowote, na hapakuwa na mtu wa kumpinga ila mjane na watoto wake wadogo. Kabla ya Krismasi mama yule alikuwa amehamia katika chumba cha kupanga karibu na soko, akiuza mboga.

Liko jambo moja ambalo hatujawaambia. Mwaka uleule, shemeji yule ndiye aliyetoa mabati ya kuezekea nyumba ya mchungaji. Hakutuomba neno lolote kwa ajili yake. Hakuwa na haja. Mvua za masika ziliponyesha tulilala usiku tukisikia kila tone, nasi tukajua. Tulikuwa tumesema hatuna upande. Kumbe tulikuwa nao, umepigiliwa misumari juu ya vichwa vyetu. Tulichokiita kutopendelea kilikuwa woga, na woga ule nao ulikuwa upendeleo uliojificha.

Tulichukua miezi saba kwenda kumwona. Alitupa kigoda tuketi, akatuwekea chai. Tulimwomba msamaha. Akasema, "Asante kwa kuja. Sasa, Mchungaji, utasema?" Hakutaka machozi yetu. Alitaka ushahidi wetu.

Kwanza tulimwendea yule mzee peke yake, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18, tukamweleza kwamba tutasema tuliyoyaona. Alikasirika, akaacha kuja kanisani. Kisha shauri lilifika mahakamani. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika katika Kenya mwaka 1981 yamtambua mjane katika mali ya mumewe, na mama yule alipata watu wa kumsaidia kuidai haki hiyo. Tulisimama tukatoa ushahidi. Alirudishiwa nyumba yake na sehemu ya shamba. Sehemu nyingine shemeji alikuwa amekwisha kuiuza, na mpaka tulipohamishwa kutoka parishi ile ilikuwa haijarudi. Kimya chetu kilimgharimu mtu ardhi, na kuungama kwetu hakukuirudisha yote. Twasema hivyo ili mtu asidhani kwamba kutojali ni dhambi ndogo.

Na yule mzee je? Baada ya zaidi ya mwaka alirudi. Alitungoja nje ya kanisa mpaka watu wote walipokwisha kwenda, akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Mchungaji, ungaliniambia siku ile ya kwanza, nisingalifika mbali hivi." Basi tulikuwa tumewakosea wote wawili. Tulipokataa kusema kweli tulimwacha mjane apoteze shamba lake, na tulimwacha ndugu yetu apotee katika dhambi yake. Tulidhani twawalinda wote. Hatukumlinda hata mmoja.

Sasa fungueni ile alama mliyoiweka, Mambo ya Walawi 19. Iko mistari minne tu, wa 15 mpaka wa 18, nayo ni kama ngazi.

Kipandio cha kwanza, mstari wa 15: Mungu akataza kupotosha hukumu. Akataza kumheshimu mkubwa kwa ajili ya ukubwa wake. Na, sikilizeni vema, akataza pia kumpendelea maskini kwa ajili ya umaskini wake. Machozi si ushahidi. Kama mama yule angalikuwa amesema uongo juu ya mpaka, ingetupasa kusema hivyo, ingawa ni mjane. Wajibu wetu haukuwa kumpendelea. Wajibu wetu ulikuwa kusema kweli.

Kipandio cha pili, mstari wa 16: Mungu akataza kuzunguka na masingizio, na akataza kusimama juu ya damu ya jirani. Walimu wa Kiyahudi tangu zamani wameyaeleza maneno hayo hivi: usisimame ukitazama tu jirani yako akiangamia, nawe una uwezo wa kumsaidia. Hapo ndipo Galio alipoanguka, na hapo ndipo tulipoanguka sisi.

Kipandio cha tatu, mstari wa 17: usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee waziwazi, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Hapo ndipo tulipomkosea yule mzee.

Kipandio cha nne, mstari wa 18: umpende jirani yako kama nafsi yako. Amri ambayo Bwana wetu Yesu aliiweka pamoja na ile iliyo kuu kuliko zote, tunaikuta hapa, mwisho wa ngazi iliyoanzia mahakamani. Yale maneno ya Kiingereza yalishuka, kutoka haki mpaka ubaridi. Neno la Mungu lapanda, kutoka mizani ya hakimu mpaka upendo.

Ndugu wapendwa, wengi wetu si majaji. Katiba yetu ya mwaka 2010 yawaapisha majaji watende haki bila woga, bila upendeleo na bila chuki, nasi tuwaombee waishike ahadi hiyo. Lakini kila mmoja wetu ana kiti chake cha hukumu.

Baba na mama, kiti chenu ki mezani na jikoni. Watoto wakigombana mwasema, "Nyamazeni nyote wawili, sitaki kusikia!" Mara nyingine hiyo si haki, ni uchovu. Mmoja wao alipigwa bila kosa, naye amejifunza leo kwamba kwenu hakuna wa kumsikiliza.

Wewe uliye katika kamati ya shule, au ya basari, au ya kugawa chakula wakati wa njaa, kiti chako ki pale. Kama jina la mtoto wa ndugu yako limo katika orodha, sema mapema mbele ya wote, "Hapa nina fungu langu," kisha utoke nje wenzako waamue. Si aibu kuwa na fungu. Aibu ni kulificha. Lakini kama huna fungu, usiseme, "Basi mimi hainihusu, amueni mnavyotaka." Kwa kuwa huna fungu, wewe ndiwe unayefaa kusoma kila fomu mpaka mwisho, hata ya yule mtoto asiye na mtu wa kumpigia simu mwenyekiti.

Nasi viongozi wa Kanisa tuna kiti chetu. Mwezi wa Februari mwaka 2008, nchi yetu ikiwa bado inavuja damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya lilikiri mbele ya watu wote kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, likaomba msamaha. Lilifanya vema kukiri. Lakini tangu hapo liko jaribu la kwenda upande wa pili: mchungaji aliyeungua kwa kuegemea upande huapa kwamba hatasema tena neno lolote. Ndugu watumishi, hiyo si toba. Kutokuwa na chama si kutokuwa na ulimi. Wizi ukitendwa na mtu wa kabila letu, tuuite wizi. Ukitendwa na mtu wa kabila lile, tuuite wizi kwa sauti ileile.

Basi mtu ajipime kwa namna gani? Sisi tangu siku zile twajiuliza maswali matatu. Kwanza: kimya changu chamfaidi nani? Pili: nimepokea nini kutoka kwake, hata kama hakuniambia ni kwa ajili gani? Tatu: kama mnyonge katika shauri hili angekuwa mama yangu mzazi, je, ningeona kwamba nimefanya vya kutosha? Swali la tatu halikuambii umpendelee. Lakuambia umwone.

Na tukishindwa, kama sisi tulivyoshindwa, tukumbuke kiti kimoja cha hukumu kilichokuwa Yerusalemu. Pilato naye hakutaka kuwa na upande. Alinawa mikono mbele ya mkutano, akamtoa asulibiwe mtu ambaye yeye mwenyewe aliona hana hatia. Bwana wetu ayajua maumivu ya mtu aliyeachwa na hakimu asiyejali. Naye ndiye atakayetuhukumu sote siku ya mwisho, asiyepokea uso wa mtu, naye ana makovu mikononi kwa ajili yetu. Hakimu wetu hana upendeleo, na hakuna ajaliye kuliko yeye. Kwa hiyo twaweza kumwendea tukiwa na makosa yetu, na tukitoka kwake tuwaendee wale tuliowakosea.

Jumapili iliyofuata tulimtafuta yule kijana wa kidato cha nne, tukampa jibu lake. Tulimwambia, "Sala ile yamwomba Mungu atupe hakimu asiyeujali uso wa mtu, kwa sababu anamjali mtu mwenyewe." Alifikiri kidogo akasema, "Basi, Mchungaji, si mngetafuta neno jingine?" Tukamwambia, "Maneno tunayo, mwanangu. Tunaotafutwa ni watu." Na wewe unayetusikiliza asubuhi hii, huenda kabla ya jua kuchwa leo mtu atakuomba useme ulichokiona.

Na tuombe.

Ee Mungu, Mwamuzi wa wote na Baba wa wote, utusamehe kila mara tulipotazama nyuso za watu tukaacha kweli, na kila mara tulipoita woga wetu kwa jina zuri. Uwape majaji, machifu na wazee wa vijiji mikono isiyopokea rushwa na masikio yasiyochoka kumsikiliza mnyonge. Uwakumbuke wajane, yatima na wageni waliokosa mtu wa kuwasemea. Utupe sisi kinywa cha kusema tuliyoyaona, na moyo wa kuwapenda wote wawili, aliyeonewa na aliyeonea. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.